Namna ya kulitumia neno "by" la Kiingereza bila kulifunga kwenye neno moja la Kiswahili

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa karani katika stoo ya dagaa jirani na mwalo wa Kirumba hapa Mwanza, nilimwandikia mnunuzi wa nje ya nchi ujumbe mfupi wa Kiingereza: "The dagaa will be in Mwanza until Friday." Kichwani mwangu kulikuwa na sentensi ya Kiswahili isiyo na kasoro, kwamba mpaka Ijumaa dagaa watakuwa Mwanza, yaani watakuwa wameshavushwa kutoka visiwani. Mnunuzi alisoma nilichoandika, si nilichokusudia. Alielewa kwamba dagaa wapo Mwanza tayari na kwamba watakaa hapo hadi Ijumaa ndipo waondoke, kwa hiyo lori lake liliingia mjini Jumatano asubuhi, likakuta stoo tupu, na gharama ya dereva na utingo wake kulala nyumba ya wageni siku mbili ikaangukia upande wetu. Neno lililotakiwa pale lilikuwa "by", neno la herufi mbili ambalo nilikuwa nikilitumia kila siku kusema "by bus" bila kujua kwamba lina kazi nyingine.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayejua Kiingereza cha kutosha kuandika ujumbe au barua, lakini ambaye bado anapima kila neno kwa mizani ya Kiswahili. Nimeupanga kwa hatua, na hatua mbili, ile ya muda na ile ya mtendaji, nimezipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu huko ndiko makosa yanakogharimu fedha na heshima.

Hatua ya kwanza: pigia mstari neno linalofuata

Wanafunzi wengi huanza kwa kufungua kamusi wakitafuta "by" ni nini kwa Kiswahili, nayo huwapa orodha ndefu: na, kwa, kando ya, karibu na, kufikia. Orodha hiyo ni sahihi yote, na bado haiwasaidii, kwa sababu neno hili ni kihusishi, na kihusishi huchukua maana yake kutoka kwa jirani yake wa upande wa kulia. Ukiona "by Friday", jirani ni siku. Ukiona "by the fisherman", jirani ni mtu aliyetenda jambo. "By ferry" ina chombo cha usafiri, "by the kilo" ina kipimo, "by the lake" ina mahali, na "by selling" ina kitenzi kilichovaa "-ing". Kwa hiyo, kabla ya kutafsiri sentensi yoyote yenye neno hili, pigia mstari neno linalolifuata na ujiulize limetoka katika kundi lipi kati ya hayo. Ukishajua kundi, Kiswahili chake hujileta chenyewe.

Kuhusu matamshi sina mengi. Hutamkwa "bai", sawa kabisa na "buy" lenye maana ya kununua na "bye" la kuagana, na sikio haliwezi kuyatofautisha ila kwa nafasi yake katika sentensi. Katika maandishi, hata hivyo, mtu anayeandika "I came buy bus" amesema jambo lisilo na maana.

Hatua ya pili: tenganisha mizigo miwili ya "mpaka"

Neno letu "mpaka", pamoja na ndugu yake "hadi", limebeba mizigo miwili ambayo Kiingereza kimeigawa kwa wapagazi wawili tofauti. Mzigo wa kwanza ni jambo linaloendelea bila kukatika hadi wakati fulani ufike, na huo ni wa "until". Mzigo wa pili ni jambo litakalokuwa limekwisha kutokea wakati huo utakapofika, bila kujali kama lilitokea mapema kidogo, na huo ni wa "by". Sisi husema "Nitakusubiri mpaka saa kumi" na pia "Mpaka saa kumi nyavu zitakuwa zimekauka", na hakuna anayechanganyikiwa, kwa kuwa kazi ya kutofautisha tumeikabidhi kitenzi. Mwingereza ameikabidhi kihusishi.

Jaribio ninalolitumia ni rahisi na linafanyika kwa Kiswahili kabla kalamu haijagusa karatasi. Jaribu kuingiza "-mesha-" katika sentensi yako. Ikikubali, kama ilivyo katika "nyavu zitakuwa zimeshakauka", tumia "by": "The nets will be dry by four o'clock." Ikiwa "-mesha-" inaharibu maana na badala yake unaweza kuingiza neno "kuendelea", kama ilivyo katika "nitaendelea kukusubiri", tumia "until": "I will wait for you until four o'clock." Jaribio hili lingetuokolea siku mbili za nyumba ya wageni, kwa maana nilikusudia kusema kwamba Ijumaa dagaa wale watakuwa "wameshafika", si kwamba "wataendelea kuwapo" hadi siku hiyo.

Ona pia kwamba saa kumi imegeuka kuwa "four". Kila mtu anajua kwamba tunahesabu saa kuanzia mapambazuko na Waingereza kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, lakini anayejua hilo akiwa ametulia hulisahau akiwa na haraka, na nimeona zaidi ya mara moja "by ten" ikiandikwa kwa ajili ya saa kumi jioni. Ongeza au punguza sita kila mara, hata unapojiamini.

Sentensi za kukanusha zinahitaji uangalifu wa peke yake. Ukimwambia msimamizi wako "I won't finish until Friday", umemwambia kwamba Ijumaa ndiyo siku ambayo kazi itaisha, naye atakuja Ijumaa kuichukua. Ukimwambia "I won't finish by Friday", umemwambia kwamba Ijumaa itafika na kupita kazi ikiwa bado haijaisha. Kwa Kiswahili wengi wetu tungesema "Sitamaliza mpaka Ijumaa" kwa sentensi ya kwanza na "Ijumaa itafika nikiwa sijamaliza" kwa ya pili, na ni vizuri kuzitunza sentensi hizo mbili kichwani kama jozi.

Liko swali ambalo huulizwa sana na watu wa ofisini: je, "by" ni sawa na "before"? Hapana, na tofauti yake ni siku nzima. Tarehe iliyotajwa baada ya "by" imo ndani ya muda ulioruhusiwa, ilhali iliyotajwa baada ya "before" haimo. Mwaka wa fedha wa Serikali yetu huisha tarehe 30 Juni, kwa hiyo barua inayotaka hesabu zifungwe "by 30 June" inakubali hesabu zinazofika tarehe 30 yenyewe, lakini ikisema "before 30 June", mwisho ni tarehe 29. Kiswahili cha barua rasmi kina msemo unaolingana barabara na "by", nao ni "si zaidi ya tarehe 30 Juni". Neno "within" nalo lisichanganywe humu, kwa kuwa hilo hufuatwa na urefu wa muda, si nukta ya muda: "within three days" ni ndani ya siku tatu, na hakuna "by three days".

"By the time" hufuatwa na sentensi nzima badala ya tarehe. Msafiri aliyechelewa kivuko husema, "By the time we reached the ferry, it had left", nasi tungesema, "Tulipofika kivukoni, kilikuwa kimeshaondoka." Tazama tena "-mesha-" imejitokeza, Kiingereza huigawa kazi hiyo kati ya "by the time" na "had". Hali ni hiyo hiyo katika "by now". Mama anayetazama saa akingojea watoto kutoka shuleni, anaposema "saa hizi watakuwa wameshafika Buzuruga", Kiingereza chake ni "They should have reached Buzuruga by now."

Mwisho katika hatua hii ni "by night" na "by day", ambazo hazihusu mwisho wa muda wowote bali zinaeleza kipindi cha kazi kwa kukipambanua na kingine. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa mwanga wa taa, hasa siku ambazo hakuna mbalamwezi, na mchana hulala au hushona nyavu: "They fish by night and sleep by day." Kwa jambo la kawaida lisilo na upambanuzi wa aina hiyo, "at night" inatosha.

Hatua ya tatu: mtambue mtendaji, kisha uchunge "na"

Kitenzi kikiwa katika kauli ya kutendwa, yaani kinapoishia na "-wa" kama kukatwa, kuvuliwa, kujengwa au kupikwa, mtendaji wake kwa Kiswahili hutanguliwa na "na", na kwa Kiingereza hutanguliwa na "by". Hadi hapo hakuna ugumu. Ugumu huanza pale mtu anapohitimisha kwamba "na" ni "by" na "kwa" ni "with", kwa kuwa maneno haya hubadilishana viti kama abiria wa daladala. Chukua sentensi mbili. "Samaki alikatwa na Masanja kwa kisu" ni "The fish was cut by Masanja with a knife". Hapa "na" ni "by" na "kwa" ni "with". Sasa, "Masanja alikwenda sokoni na mkewe kwa basi" ni "Masanja went to the market with his wife by bus". Hapa "na" ni "with" na "kwa" ni "by". Kinachoamua ni kitenzi. Ikiwa kimetendwa, "na" inamtaja mtendaji. Ikiwa kimetenda, "na" inamtaja mwenzi wa safari.

Mfano wa karibu na nyumbani ni jina la ziwa letu. Mwingereza John Hanning Speke alifika kwenye ufuko wa kusini mwa ziwa Agosti 1858 na kuliita kwa jina la malkia wake, ingawa wenyeji walikuwa na majina yao, Nyanza likiwemo. Kwa Kiingereza husemwa kwamba ziwa "was named by Speke", kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa jina, na kwamba "was named after Queen Victoria", kwa kuwa jina ni lake. Mwanafunzi akiandika "named by Queen Victoria", amemtuma malkia kuja Usukuma mwenyewe.

Kosa jingine la namna hiyo ni zito zaidi kwa sababu linagusa ndoa za watu. Kwa Kiswahili, Neema ameolewa na Masanja. Kwa Kiingereza, "Neema was married by Masanja" humaanisha kwamba Masanja ndiye mchungaji, shehe au ofisa aliyefungisha ndoa hiyo, na bwana harusi ni mwingine kabisa. Mume hutajwa kwa "to": "Neema is married to Masanja." Nimewahi kuona sentensi hiyo ya kwanza katika maelezo ya fomu ya maombi, na nilimhurumia aliyeiandika kwa sababu kisarufi hakukosea chochote, alikuwa amefuata Kiswahili kwa uaminifu.

Hapa ndipo lugha yetu inapotutega zaidi, maana Kiswahili kina utajiri wa vitenzi vya kutendwa ambavyo Kiingereza hakina namna ya kuvipokea. Sisi tunaweza kufiwa, kunyeshewa, kuachwa, kupitiwa na kuishiwa. Mtu akisema "Nimefiwa na baba", hawezi kuandika kitu chochote chenye "by", ataandika "My father has died" au "I have lost my father." "Tumenyeshewa na mvua" ni "We were caught in the rain." "Nimeachwa na basi" ni "I missed the bus", wala si "I was left by the bus", sentensi ambayo utaisikia kila asubuhi katika ofisi zetu na ambayo mgeni huielewa kwa kukisia. "Nilipitiwa na usingizi" ni "I dozed off." "Nimeishiwa na vocha" ni "I have run out of airtime." "Nimeibiwa simu na vibaka" ina njia mbili nzuri: "My phone was stolen", kama vibaka hawana umuhimu katika habari yako, au "My phone was stolen by pickpockets", kama wana umuhimu. Angalia kwamba kilichoibiwa ni simu. "I was stolen" ingemaanisha kwamba wewe mwenyewe ulichukuliwa ukabebwa.

Kwa hiyo kanuni ya hatua hii ni kujiuliza kama aliye baada ya "na" amefanya kitendo kweli. Mvua inaweza kubomoa ukuta, na "The wall was brought down by the rain" ni sentensi sahihi kabisa, lakini basi halikufanya chochote kwako ila kuondoka kwa saa yake. Vitenzi vichache vya Kiingereza pia vimechagua vihusishi vyao na havibembelezeki: anajulikana na wengi ni "known to many", na mtumbwi uliojaa maji ni "filled with water".

Hatua ya nne: usafiri, simu na malipo

Chombo cha usafiri kinachofuata "by" husimama kitupu, bila "a", bila "the", bila "my". Tunasafiri "by bus", "by train" na "by air". Meli kama MV Victoria inayokwenda Bukoba ni "by ship", pantoni ni "by ferry", na mtumbwi au boti ni "by boat". Tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, mtu anaweza kufika Sengerema "by road" bila kupanga foleni ya pantoni. Ukitaka kukitaja chombo kwa undani zaidi, basi "by" huondoka na nafasi yake huchukuliwa na "in" kwa gari dogo au "on" kwa vyombo ambavyo mtu hupanda akasimama au akakaa kwa kutandaza miguu: "in my brother's car", "on the morning ferry", "on a motorcycle". Kwenda kwa miguu ni "on foot". Ule msemo wetu wa "I came by public means" hausemwi na Waingereza wenyewe. Wao husema "by public transport".

Mawasiliano na malipo hufuata mkondo huo huo: "by phone", "by post", "by email", "by card", "by mobile money". Fedha taslimu peke yake ndizo zilizojitenga, kwa kuwa husemwa "in cash". Na ikiwa unaeleza hali ya mtu aliye katikati ya mazungumzo ya simu, yeye yupo "on the phone".

Hatua ya tano: vipimo, ambako "the" hurudi

Baada ya kuambiwa kwamba chombo cha usafiri hakitaki "the", mwanafunzi huiondoa kila mahali, kumbe kipimo cha kuuzia au kulipia huitaka. Sangara huuzwa "by the kilo", dagaa wakavu huuzwa "by the sack" kwa mwenye stoo na "by the tin" kwa anayenunua kopo gengeni, na kibarua hulipwa "by the day". Sentensi inaeleza utaratibu wa kuuza, haitaji bei.

Bei ina "by" yake nyingine, na hapo umakini unahitajika. Tuseme sato wa kilo moja alikuwa shilingi 12,000 na sasa ni 14,000. Bei imepanda kwa shilingi 2,000: "The price has gone up by 2,000 shillings." Bei imepanda hadi shilingi 14,000: "The price has gone up to 14,000 shillings." Kiswahili na Kiingereza hapa vinakwenda sambamba, "kwa" na "by", "hadi" na "to", ila kasi ya kuandika huwafanya watu waruke neno hilo dogo, na mteja anayesoma "gone up 14,000" hufunga simu.

Katika vipimo vya eneo, chumba cha mita 4 kwa 3 ni "four metres by three", na mbao ya mbili kwa nne ni "two by four", jina ambalo mafundi wetu wengi hulitamka kwa Kiingereza hicho hicho bila hata kufikiri kwamba ni Kiingereza. Kuzidisha na kugawanya hesabu pia hutumia neno hili: "ten divided by two".

Na pale sisi tunaporudia neno mara mbili, Kiingereza mara nyingi hupenyeza "by" katikati. Mmoja mmoja ni "one by one", kidogo kidogo ni "little by little", siku hadi siku ni "day by day". Hatua kwa hatua, "step by step", ndiyo inayofanana nasi kwa umbo.

Hatua ya sita: mahali

"By" ya mahali ni kando ya kitu, karibu kiasi cha kukigusa au kukitazama bila kizuizi: "by the door", "by the window", "by the lake". Ni karibu zaidi kuliko "near". Nyumba iliyopo ufukweni Kirumba, ambayo mwenye nayo anasikia maji yakipiga mawe usiku, ipo "by the lake". Nyumba iliyopo Nyakato, eneo la Mwanza lililo mbali na ufuko, hata kama mtu akipanda juu ya jiwe analiona ziwa kwa mbali, haiwezi kuitwa hivyo. Mji wenyewe, hata hivyo, huwekwa "on": "Mwanza is on Lake Victoria", na hakuna anayedhani kwamba unaelea.

Jambo la kuchunga zaidi hapa ni "pass by". Sisi tunaposema "Nitapitia kwako jioni", tunamaanisha kwamba tutaingia, tutakaa, na pengine tutakunywa chai. Kwa Kiingereza "pass by" kwanza ni kupita bila kusimama, kama daladala lililojaa linavyokupita kituoni. Mwenyeji wako wa kigeni akiambiwa "I will pass by your house", huenda asichemshe maji. Sema "I will come by" au "I will drop by", na kuingia kwako kutaeleweka.

Pia usije ukadhani kwamba kila "by" ni hili tunalolijadili. Sheria ndogo za halmashauri, zile zinazotungwa kuhusu usafi wa masoko na ushuru, huitwa "by-laws", na "by" ya humo asili yake ni neno la kale la watu wa Skandinavia lenye maana ya mji au kijiji; ndilo pia lililobaki katika majina ya miji ya Uingereza kama Derby na Grimsby. Sheria ndogo, kwa asili yake, ni sheria ya mji.

Hatua ya saba: "kwa ku-" na misemo iliyoganda

Unapoeleza njia ya kupata jambo kwa kutumia "kwa" na kitenzi kinachoanza na "ku-", Kiingereza chake ni "by" na kitenzi cha "-ing". Alisomesha watoto kwa kuuza dagaa: "She educated her children by selling dagaa." Usiandike "by to sell", wala "by sell".

Misemo mingine imeganda na hujifunzwa ilivyo. Kukariri jambo ni kulijua "by heart". Peke yangu ni "by myself". Kwa nguvu ni "by force". "Kwa bahati mbaya" igawanye: ukimwaga chai bila kukusudia, umeimwaga "by accident", lakini kivuko kikiharibika, sema "unfortunately", kwa sababu hapo hutetei nia ya mtu bali unasikitika. "By the way" ni ile "halafu" au "hivi" tunayoitumia kuingiza jambo la pembeni katika mazungumzo, na haina uhusiano na kuwa njiani, ambako ni "on the way". Mtu anayemwambia bosi wake "I am by the way", akimaanisha kwamba yupo njiani, amejitangaza kuwa jambo la pembeni. Kujitambulisha kwa "I am by the names of" kumezoeleka sana katika mikutano yetu, lakini "My name is" ni fupi na ndiyo inayotumiwa na wenye lugha.

Hatua ya nane: jaribu kwa ujumbe mzima

Chukua ujumbe kama huu, wa aina ambayo stoo yoyote ya Mwanza huituma kila wiki: "Mzigo umefungwa na vijana wetu leo asubuhi na utakuja mjini kwa pantoni. Mpaka kesho saa nne asubuhi utakuwa stoo. Stoo ipo kando ya barabara kuu. Tafadhali lipia kwa simu. Tutakusubiri mpaka saa kumi jioni. Bei imepanda kwa shilingi 500 kwa kilo."

Pita sentensi moja moja. "Umefungwa na vijana" ni kitenzi cha kutendwa na vijana wametenda kweli, kwa hiyo ni "packed by our team". "Kwa pantoni" ni chombo kitupu, "by ferry". "Mpaka kesho saa nne" inakubali "utakuwa umeshafika", kwa hiyo ni "by ten o'clock tomorrow morning". "Kando ya barabara" ni "by the main road". "Kwa simu", kwa kuwa ni malipo, ni "by mobile money". "Tutakusubiri mpaka" inakubali "tutaendelea kukusubiri", kwa hiyo ni "until four". Bei imepanda "by 500 shillings", lakini "kwa kilo" inayofuata imetaja bei ya kila kilo moja, si utaratibu wa kuuza, kwa hiyo inakuwa "a kilo". Ujumbe mzima unasomeka hivi: "The load was packed by our team this morning and will come to town by ferry. It will be in the store by ten o'clock tomorrow morning. The store is by the main road. Please pay by mobile money. We will wait for you until four in the afternoon. The price has gone up by 500 shillings a kilo."

Baada ya lile tukio la lori, nilimtumia mnunuzi yule yule ujumbe wa namna hiyo, nikiwa nimepima kila "mpaka" mara mbili. Alikuwa ameshajifunza maneno machache ya Kiswahili na kusikia habari za saa zetu, kwa hiyo hakujibu kwa maandishi bali alipiga simu na kuuliza: "Ten by your clock, or by mine?" Nilimjibu kwamba ni kumi kwa saa yake. Kisha nikaiongeza "by" hiyo, ya kipimo kinachofuatwa, kwenye daftari langu.